Kutoka Harlem Hadi New Haven: Nyaraka za Langston Hughes na Hatima ya Maandishi ya Mshairi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezewa mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake. Katika makala haya tunanuia kuielekeza kwa mtu mwingine, naye ni mtunzi wa mashairi. Mali ya mshairi ni maneno, na daftari lake ni yale makaratasi ambayo msomaji wa diwani hayaoni kamwe: rasimu zilizofutwafutwa, barua za marafiki na za wanaomdai, mikataba ya wachapishaji, picha, stakabadhi, na vijikaratasi vyenye ubeti mmoja ambao haukupata wa pili. Je, mshairi anapofariki makaratasi hayo huenda wapi? Ni nani anayeamua lipi lihifadhiwe na lipi litupwe? Na uamuzi huo una athari gani kwetu sisi tunaokuja baadaye na kudai kwamba tunamfahamu mshairi huyo?

Maswali haya si ya wakutubi pekee. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikitafuta barua za malenga mmoja wa Pwani kwa ajili ya tasnifu yangu, nilielezwa na mjukuu wake, bila ubaya wowote, kwamba karatasi za babu zilikwisha zamani. Zilifungiwa njugu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa wivu kidogo habari za washairi ambao karatasi zao zilinusurika. Mmoja wao ni Langston Hughes wa Marekani, na kisa cha nyaraka zake kinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha faida ya kuhifadhi na pia mipaka yake.

Wasomaji wetu waliopitia madarasa ya fasihi ya Kiingereza wanamfahamu Hughes kama sauti kuu ya vuguvugu la sanaa lililochipuka mtaani Harlem, jijini New York, katika miaka ya 1920. Alizaliwa Joplin, katika jimbo la Missouri, akalelewa kwa sehemu kubwa na nyanya yake mjini Lawrence, Kansas, na diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, ilichapishwa mwaka wa 1926. Alitunga kwa lugha ya watu wa kawaida, akaingiza mapigo ya bluzi na jazi katika mishororo yake, na akaishi kwa kalamu hadi alipofariki tarehe 22 Mei 1967. Aliandika mashairi, hadithi, tamthilia, safu za magazeti, vitabu vya watoto na tawasifu mbili.

Sasa tazama kinaya hiki. Mnamo mwaka wa 1923, akiwa kijana anayefanya kazi ya kibarua melini, Hughes alipanda meli iliyoitwa West Hesseltine ikielekea Afrika Magharibi. Usiku, meli ilipokuwa ikiiacha bandari ya New York, alisimama kando ya gunwale akavitupa vitabu vyake baharini. Anatusimulia tukio hilo mwanzoni mwa tawasifu yake ya kwanza, The Big Sea, iliyotoka mwaka wa 1940. Alitaka kuachana na chuo, na baba aliyemkataza ushairi, na kila jambo alilolisoma bila kuliishi. Kijana huyohuyo aliyeona raha ya kuzamisha karatasi ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa waandishi wa Kimarekani waliohifadhi karatasi nyingi kupindukia. Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Yalisababishwa na rafiki msumbufu.

Rafiki huyo ni Carl Van Vechten, Mzungu, mwandishi wa riwaya, mhakiki wa muziki na mpiga picha. Walifahamiana vizuri mwaka wa 1925, Hughes alipotuzwa katika shindano la jarida la Opportunity, na ni Van Vechten aliyeupeleka mswada wa The Weary Blues kwa mchapishaji Knopf. Waliandikiana barua kwa takriban miaka arubaini, hadi Van Vechten alipofariki mwaka wa 1964.

Mnamo Juni 1938 James Weldon Johnson, mshairi, mwanadiplomasia na kiongozi wa kutetea haki za Wamarekani weusi, aliuawa katika ajali ya gari lililogongwa na treni katika jimbo la Maine. Mwanzoni marafiki zake waliwazia kumjengea sanamu. Mpango huo ulipokwama, Van Vechten alishika njia nyingine: mwaka wa 1941 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, mkusanyo wa sanaa na maandishi ya watu weusi wenye jina la Johnson, akaanza kwa kutoa vitabu, barua na sahani za muziki zilizokuwa nyumbani kwake. Kisha akawageukia marafiki. Hakuna mwandishi mweusi aliyemjua ambaye hakuombwa. Aliwaandikia, akawakumbusha, akawakumbusha tena. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: msitupe kitu.

Hughes alitii kuliko wote. Tangu wakati huo alipeleka Yale mzigo baada ya mzigo: rasimu, barua alizoandikiwa, programu za maonyesho, vipande vya magazeti. Kilichobaki nyumbani kwake Harlem alikirithisha chuo hicho kwa wasia. Hivi leo nyaraka hizo zimo katika maktaba ya Beinecke ya chuo hicho, iliyofunguliwa mwaka wa 1963. Jengo lenyewe linastahili kutajwa. Halina madirisha. Kuta zake ni vibamba vya marumaru vilivyochongwa vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa jua, lakini kwa upole, ili karatasi na ngozi za vitabu zisibabuliwe. Ndani yake umesimama mnara wa kioo wenye ghorofa sita uliojaa vitabu. Anayeingia kusoma huacha mkoba na kalamu ya wino nje, hupewa penseli, kisha huletewa kasha lenye mafaili, akawa anafungua faili moja baada ya jingine. Hachagui rafuni kama tufanyavyo sisi katika maktaba zetu. Husoma kwanza mwongozo wa mkusanyo, unaoeleza kila kasha lina nini, ndipo aagize.

Mwongozo huo ni kazi ya kitaalamu ambayo huenda wengi wetu hatujaifikiria. Mtunza nyaraka hapangi karatasi kwa jinsi apendavyo. Anatakiwa kuheshimu asili yake: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine hata kama zinahusu jambo lilelile, na mpangilio aliouacha mwenyewe, iwapo upo, huhifadhiwa. Sababu ni kwamba ujirani wa karatasi mbili nao ni ushahidi. Barua ya mchapishaji iliyokunjwa pamoja na rasimu inaweza kutuambia ni kwa nini ubeti wa tatu ulikatwa.

Kuhusu rasimu, Hughes aliwafanyia watafiti hisani ambayo washairi wengi hawawafanyii: alizitia tarehe. Mfano ulio rahisi kueleweka hauko Yale bali katika Maktaba ya Bunge la Marekani, jijini Washington, ambako zimehifadhiwa rasimu za shairi lake kuhusu Booker T. Washington, yule mwalimu aliyezaliwa utumwani akaja kuanzisha chuo cha Tuskegee. Rasimu hizo zina tarehe kuanzia 30 Mei hadi 1 Juni 1941. Kwa siku tatu tunaweza kumfuata mshairi akipiga chapa, akifuta kwa kalamu, akiongeza, akipiga chapa upya. Shairi likishachapishwa huonekana jepesi, kana kwamba lilidondoka kama embe bivu. Rasimu hutuonyesha jasho. Wale miongoni mwetu wanaoamini kwamba utunzi ni kipaji kitupu wangefaidika sana kwa kuona siku hizo tatu.

Barua nazo zina kanuni yake, na kanuni hiyo huwatatiza wanafunzi. Barua ni mali ya aliyeipokea. Kwa hivyo anayefungua kasha la Hughes hukutana hasa na sauti za watu wengine. Sauti ya Hughes imo katika makasha ya watu hao, popote walipo duniani. Mwandishi anayetumia taipureta anaweza kubaki na nakala ya kaboni, lakini za mkono huenda na posta. Ndiyo maana ni bahati kubwa pale pande mbili za mazungumzo zinapokutana. Kwa kuwa Van Vechten naye aliweka barua zake Yale, Emily Bernard aliweza kuchapisha mwaka wa 2001 kitabu cha barua za hao wawili, wakijibizana. Kabla ya hapo, mwaka wa 1980, Charles Nichols alikuwa amechapisha barua za Hughes na Arna Bontemps, mshairi mwenzake aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Marafiki hao waliandikiana tangu 1925 hadi 1967, na barua zao ni zaidi ya 2,000.

Hebu tuangalie sasa jambo ambalo nyaraka hufanya na ambalo kitabu hakiwezi kulifanya. Kati ya mwaka wa 1927 na 1930 Hughes alifadhiliwa na bibi mmoja tajiri na mzee wa New York, Charlotte Osgood Mason, aliyempa dola 150 kila mwezi ili aandike bila bughudha. Bibi huyo alitaka aitwe mama wa ubatizo, na alitaka pia Mwafrika aliyemo ndani ya Hughes ajitokeze kama alivyomwazia yeye. Mwaka wa 1930 uhusiano ulivunjika, na Hughes akaugua kwa majonzi. Katika The Big Sea anasimulia kuvunjika huko bila kumtaja mfadhili wake kwa jina, maana ilikuwa sharti la bibi huyo kwamba jina lake lisijulikane. Simulizi ni tulivu, ya mtu aliyekwisha kupona. Lakini katika nyaraka zimo rasimu za barua alizojaribu kumwandikia, naye Arnold Rampersad, mwandishi wa wasifu wake wenye majuzuu mawili wa 1986 na 1988, alizisoma. Humo Hughes hajapona. Anaomba radhi, anajieleza, anaanza upya. Msomaji wa tawasifu anakutana na mwanamume mwenye msimamo. Msomaji wa rasimu anakutana na kijana anayeogopa kupoteza mapenzi ya mtu anayemlisha. Wote wawili ni Hughes, na mimi sioni kwamba mmoja ni wa kweli kuliko mwenzake.

Mfano mwingine ni ugomvi wake na Zora Neale Hurston. Mwaka wa 1930 walishirikiana kuandika tamthilia ya kuchekesha, Mule Bone, kisha wakakosana vibaya juu ya nani alikuwa mwandishi wake. Tamthilia haikuigizwa. Hughes alifariki, Hurston alikwisha kufariki kabla yake, na bado haikuigizwa. Ni mwaka wa 1991 ndipo ilipopanda jukwaani Broadway na kuchapishwa, ikihaririwa na George Houston Bass na Henry Louis Gates, pamoja na barua za ugomvi wenyewe. Laiti barua hizo zingekuwa za upande mmoja tu, tungekuwa na mshtaki bila mshtakiwa.

Kwa Hurston tunapata pia onyo. Yeye naye aliombwa na Van Vechten, akatoa baadhi ya miswada yake, ukiwemo mswada alioandika kwa mkono wa riwaya yake maarufu, Their Eyes Were Watching God. Huo uko Yale, salama. Zile karatasi alizobaki nazo zilikuwa na hatima nyingine. Hurston alifariki Januari 1960 mjini Fort Pierce, Florida, akiwa maskini, katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Vitu vyake vikawashwa moto uani, kama ilivyokuwa desturi ya kusafisha nyumba. Naibu wa sherifu aliyemfahamu alikuwa akipita, akauona moshi, akauzima moto kwa maji. Karatasi zilizookolewa ziko katika Chuo Kikuu cha Florida, na baadhi zina kingo zilizoungua. Mswada uliovuka mpaka wa jimbo ulipona mzima, na ule uliokaa nyumbani ukaokolewa na mpita njia. Msomaji na apime mwenyewe jinsi historia ya fasihi inavyoning'inia kwenye uzi.

Kuna upande wa siasa ambao hatuwezi kuuruka. Katika miaka ya 1930 Hughes alitunga mashairi makali ya mrengo wa kushoto. Mnamo Machi 1953 aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy, akahojiwa faraghani na kisha hadharani kuhusu maandishi hayo. Mahojiano ya faragha yalifungiwa kwa miaka hamsini, yakatolewa na Seneti mwaka wa 2003. Baadaye, alipoteua mwenyewe mashairi ya diwani yake ya Selected Poems ya mwaka wa 1959, aliyaacha nje karibu mashairi yote ya aina hiyo. Mtu aliyemsoma Hughes kupitia diwani hiyo pekee alisoma mshairi aliyekatwa mkono wa kushoto, na aliyemkata ni mshairi mwenyewe.

Lakini hakuzichoma karatasi. Hapo ndipo ninapomstahi. Alijificha mbele ya msomaji wa siku zake lakini hakumficha msomaji wa kesho. Mwaka wa 1973 Faith Berry alitoa mkusanyo wa maandishi hayo ya kimapinduzi, na mwaka wa 1994 Rampersad na David Roessel wakachapisha mashairi yake yote yaliyopatikana. Jumla yake ni 868, na karibu 300 kati ya hayo hayakuwa yamewahi kutiwa katika kitabu. Wahariri waliyafukua katika magazeti na majarida madogo. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu kuhusu Hughes mwaka wa 1965 na anayeandika leo hawaandiki kuhusu mshairi mmoja.

Kwa upande mwingine, lilikuwapo jalada la pili lililokua sambamba na lile la Yale bila idhini ya mwenyewe. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimfuatilia kwa miaka mingi na kujaza mamia ya kurasa. Nalo ni hifadhi ya aina yake, lenye makosa mengi, lililokusanywa kwa chuki. Rafiki alikusanya ili Hughes asomwe. Dola ilikusanya ili anyamazishwe. Leo watafiti wanalisoma la kwanza huku la pili likiwa mezani.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki. Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Mwaka wa 1954 jarida la Drum la Johannesburg lilimwomba Hughes awe mmoja wa waamuzi wa shindano lake la hadithi fupi. Alivutiwa na alichokisoma, akaanza kuwaandikia waandishi chipukizi wa Afrika na kuwaomba maandishi. Matokeo yake ni vitabu viwili alivyovihariri, An African Treasury cha 1960 na Poems from Black Africa cha 1963, ambavyo viliwafikisha Waafrika wengi kwa wasomaji wa Marekani kwa mara ya kwanza. Nyuma ya vitabu hivyo kuna barua za watu kama Ezekiel Mphahlele, Bloke Modisane, Richard Rive na Peter Abrahams. Sehemu ya barua hizo zilichapishwa mwaka wa 2010. Wengine wao walikuwa wakiandika wakiwa chini ya ubaguzi wa rangi, wengine uhamishoni. Wanaomba ushauri, vitabu, msaada wa kusafiri, na wakati mwingine faraja tu. Yaani sehemu ya historia ya mwanzo wa fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa Kiingereza imelala katika makasha yenye jina la Mmarekani, kwa sababu Mmarekani huyo hakutupa barua.

Mnamo Juni 1962 Hughes alikuja Kampala, katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Mphahlele, na alikuwapo mwanafunzi wa Makerere aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, ambaye kwenye mkutano huo alimwonyesha Achebe mswada wa Weep Not, Child. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikuja kulalamika baadaye, katika Decolonising the Mind cha 1986, kwamba mkutano huo ulikuwa wa waandishi wa lugha ya Kiingereza, na kwamba Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika vitabu kadhaa kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi ndani yake. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Barua zake alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilinusurika kwa sababu ndugu huyo alizitunza, na zimechapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa Kiswahili ambao hawajazisoma wanajinyima. Hakuwa na Van Vechten. Alikuwa na ndugu.

Turudi New Haven, kwa maana kuna swali gumu. Je, ilikuwa sawa nyaraka za mshairi wa Harlem zipelekwe katika chuo cha Wazungu, umbali wa zaidi ya kilomita mia moja? Harlem yenyewe ilikuwa na hifadhi. Katika barabara ya 135 kulikuwa na mkusanyo mkubwa wa Arturo Schomburg, ambao maktaba ya jiji la New York iliununua mwaka wa 1926 kwa dola 10,000 zilizotolewa na shirika la Carnegie. Hughes aliishi barabara ya 127. Angeweza kuvibeba vifurushi vyake kwa miguu. Van Vechten alikuwa na hoja yake: alitaka wasomi Wazungu wakutane na maandishi ya watu weusi mahali ambapo hawakutarajia kuyakuta, na kwa mantiki hiyohiyo akapeleka mkusanyo wa muziki, wenye jina la George Gershwin, katika Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha watu weusi, ili Wazungu walazimike kwenda huko. Ni hoja yenye akili. Pia Yale ilikuwa na fedha, na karatasi hazihifadhiwi kwa mapenzi matupu. Hata hivyo mtoto wa Harlem aliyetaka kuona mwandiko wa mshairi wa mtaa wake alipaswa kupanda treni na kubisha mlango ambao katika miaka hiyo haukujengwa kwa ajili yake. Sitaki kujifanya kwamba hoja moja inaifuta nyingine. Inasaidia kwamba Yale imeziweka nyingi za nyaraka hizo kwenye intaneti, na mtu aliye Kisumu au Lamu anaweza kuziona bila viza.

Hughes mwenyewe aligawanya urithi wake kwa namna ambayo yaelekea iliwaza jambo hili. Vitabu vya maktaba yake ya nyumbani vilikwenda Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha watu weusi alikohitimu mwaka wa 1929. Majivu yake yalirudi Harlem: tangu 1991 yamezikwa chini ya sakafu ya ukumbi wa Kituo cha Schomburg, penye mchoro wa duara uliobuniwa kwa kulikumbuka shairi lake la ujana kuhusu mito. Karatasi ziko mahali pamoja na mwenyewe mahali pengine.

Jambo moja la kisheria linahitaji kufafanuliwa kwa yeyote anayetamani kufanya utafiti wa aina hii. Kumiliki karatasi si kumiliki maneno. Yale inamiliki barua kama kifaa, lakini haki ya kuyachapisha maneno yaliyomo ni ya aliyeiandika na warithi wake. Sheria ya Marekani inalinda barua ambazo hazijawahi kuchapishwa kwa miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Kwa Hughes, hadi mwisho wa 2037. The Weary Blues, kwa kuwa ilichapishwa mwaka wa 1926, iliingia katika mali ya umma tarehe 1 Januari 2022. Mtafiti anaweza basi kuisoma barua, kuieleza na kuijadili, lakini akitaka kuichapa nzima sharti aombe ruhusa. Nimeona wenzetu wakichanganya mambo haya mawili, wakidhani kwamba kuruhusiwa kupiga picha ni kuruhusiwa kuchapisha.

Na je, makaratasi yote hayo yanatuambia kila kitu? La. Kuhusu mapenzi yake, kwa mfano, Hughes alikuwa msiri, na waandishi wa wasifu wake wamebishana bila kuafikiana. Mtu anayejua kwamba barua zake zinaelekea maktaba hujifunza kuandika barua zinazoweza kuingia maktaba. Wingi wa karatasi nao unaweza kuwa pazia.

Lakini pengo linalonishangaza kuliko yote ni la tarehe. Kwa muda wote wa maisha yake, na kwa nusu karne baadaye, ilikubalika kwamba Hughes alizaliwa tarehe 1 Februari 1902. Ndivyo alivyosema yeye, ndivyo walivyoandika waliomfuata, na ndivyo kamusi elezo zilivyonakili. Mwaka wa 2018 mshairi na mhadhiri wa Kansas, Eric McHenry, alikuwa akisoma magazeti ya zamani ya watu weusi yaliyokwisha kuingizwa katika kompyuta. Katika gazeti la Topeka Plaindealer la Desemba 1901 akakuta habari fupi, ya aina ile ya kujaza nafasi, ikisema kwamba mtoto Langston Hughes alikuwa mgonjwa na sasa anaendelea vizuri. Mtoto aliyekuwa mgonjwa Desemba 1901 hawezi kuwa amezaliwa Februari 1902, na sasa wataalamu wanautaja mwaka wa 1901. Habari hiyo haikuwa katika kasha lolote la New Haven. Katika nakala ya diwani niliyo nayo mwaka wa zamani bado umechapwa kwenye ukurasa wa kwanza, nami nimeusahihisha kwa penseli.